Kiingereza na Fasihi au Isimu: kwa kijana aliyekwama kwenye fomu ya chuo

Kijana ameketi mbele ya kompyuta, mamake amesimama nyuma ameshika kiti kana kwamba kitakimbia. Kwenye tovuti ya KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi wa Kenya nafasi za vyuo, wamebakiza nafasi moja ya kujaza, na kozi mbili zinaigombania: Shahada ya Elimu, Kiingereza na Fasihi, na Shahada ya Sanaa katika Isimu. Pointi zake zinafika kotekote. "Mwalimu," ananiuliza, "hii Isimu mtu husoma lugha ngapi?"

Swali hilo nimeulizwa mara nyingi hadi nimeona niliandikie. Nina saiba ndogo, duka la kompyuta na intaneti, hapa Luanda, Vihiga, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia, mwendo mfupi wa matatu kutoka Maseno. Kabla ya saiba nilifundisha Kiingereza miaka tisa. Nilipitia mlango wa Elimu. Isimu niliisomea baadaye, mvi zikiwa zimeshaanza kuchungulia. Nimeonja vyungu vyote viwili, na nina upendeleo wangu ambao sitauficha.

Isimu si kujua lugha nyingi. Daktari wa mifugo si lazima awe na ng'ombe hamsini, na mwanaisimu anaweza kuandika tasnifu nzima kuhusu lugha asiyoweza kuitumia kununulia nyanya sokoni. Anachochunguza ni lugha yenyewe: sauti zinatolewaje, maneno yanajengwaje, sentensi inasimamaje, maana inatoka wapi, na kwa nini mtu wa Kondele kule Kisumu na mtu wa Njoro kule Nakuru hawasemi kwa namna moja hata wakisema lugha moja. Kiingereza na Fasihi, kwa upande wake, ni kozi ya kumtengeneza mwalimu. Kuna lugha ya Kiingereza, kuna fasihi andishi na simulizi, na juu yake kuna masomo ya ualimu pamoja na muhula wa kufundisha shuleni ambao wanafunzi wote huuita TP, yaani "teaching practice". Zote ni miaka minne. Kwa muda basi hakuna cha kuchagua.

Sentensi moja, madarasa mawili

Njia rahisi ya kuona tofauti ni kuchukua kitu kimoja na kukipeleka katika madarasa yote mawili. Tuseme kijana amerudi nyumbani baada ya miaka mitatu Qatar. Mjomba wake, ambaye hupenda kusema Kiingereza mbele ya wageni, anamkumbatia na kutamka: "You have been lost!" Mwingereza akisikia hivyo atadhani kijana alipotea njia. Sisi tunaelewa mara moja.

Katika darasa la Fasihi utaulizwa mjomba ni nani katika kisa hiki. Kwa nini salamu yake imebeba lawama? Ana haki gani ya kulaumu, na kijana atajibu vipi bila kumvunjia heshima? Utaona dhamira ya kurudi nyumbani, utaona mzee anayetumia lugha ya kigeni kujipandisha hadhi, na pengine utaona kwamba mzee huyo anaogopa kusahaulika. Utaandika insha ya kurasa sita, na mwalimu atakupa alama kwa jinsi ulivyoutetea usomaji wako kwa ushahidi wa maneno yaliyo kwenye kisa. Mwenzako aliyesoma kinyume chako anaweza kupata alama zilezile.

Katika darasa la Isimu mjomba anatolewa nje, inabaki sentensi. Kwanza maana: neno la Kiswahili "kupotea" lina maana ya kukosa njia na maana ya kutoonekana kwa watu wako kwa muda mrefu. Neno la Kiingereza lilikuwa na ile ya kwanza. Ya pili tumelipakia sisi, tukaenda nalo. Hiyo ni semantiki. Halafu muundo: je, "lost" hapa ni kitenzi katika hali ya kutendwa, yaani kuna aliyempoteza, au ni kivumishi kama "tall"? Kuna majaribio ya kulijibu swali hilo, na utayafanya. Hiyo ni sintaksia. Kisha pragmatiki: umbo la sentensi ni taarifa, lakini kazi yake ni malalamiko. Mwanafalsafa J. L. Austin, katika mihadhara iliyochapishwa 1962, alionyesha kwamba kusema ni kutenda. Kwa kutamka neno mtu huahidi, hulaumu, hubariki. Mjomba ametenda.

Kenya imejaa mifano ya namna hiyo. Mtu anainuka mezani, anaelekea mlangoni, anasema "I'm coming", na kweli anaondoka. Ni ile "nakuja" yetu. Ukijikwaa barabarani, mtu asiyekugusa atasema "sorry", nawe hutamwona mwendawazimu, maana amekuambia pole. Mwalimu wa shule ataweka alama nyekundu. Mwanaisimu atatoa daftari.

Ukisoma aya hizi ukaona swali la mjomba na kijana ndilo tamu, tayari umeanza kujijua. Ukiona swali la kitenzi au kivumishi limekukaa kichwani hadi sasa, vilevile.

Sauti, mahali nilipokosea

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo Isimu iliponishika.

Magharibi mwa Kenya kila mtu ana kisa cha kushrabu, yaani kutamka Kiingereza kwa lafudhi ya lugha ya mama. Mluo huchekwa kwa kusema "fis" badala ya "fish", maana Dholuo haina sauti sh. Waluhya wengine huambiwa b yao imekuwa p. Nenda Nakuru, utakuta Mkalenjin akichekwa kwa hilohilo la p na b, na Mkikuyu kwa l na r. Nilipokuwa mwalimu, msichana wa kidato cha pili alisimama kusoma akasema "sip" penye "ship". Darasa likacheka. Nami nikacheka, kisha nikamfanya arudie mara tano mbele ya wenzake. Hakunyosha mkono tena katika somo langu hadi muhula ukaisha.

Miaka baadaye, katika kipindi cha fonolojia, nilijifunza kwamba Dholuo ina irabu tisa. Zimegawanyika katika makundi mawili kulingana na mzizi wa ulimi, ukisogezwa mbele au ukiachwa nyuma, ingawa maandishi yake hutumia herufi tano tu. Kiswahili kina irabu tano. Dholuo pia hutofautisha t inayogota kwenye meno na t inayogota kwenye ufizi, tofauti ambayo Mwingereza wa kawaida haihitaji wala haisikii vizuri. Yule msichana hakuwa na masikio mabovu. Alikuwa na mfumo mwingine wa sauti, na katika mfumo ule s haikuwa na jirani anayeitwa sh. Ningejua hivyo siku ile ningempeleka kando, nimwonyeshe ulimi unarudi nyuma kiasi gani kutoka kwenye s, nimwache ajaribu.

Fonetiki ndiyo inayokufundisha ulimi uko wapi, midomo ina umbo gani, na kama nyuzi za sauti zinatetema, yaani kama sauti ni ghuna au si ghuna. Weka vidole kooni useme z, kisha s. Fonolojia inakuja baada ya hapo na kuuliza ni tofauti zipi lugha inazijali. "Pata" na "bata" ni maneno mawili, kwa hiyo kwa Mswahili p na b ni fonimu mbili, yaani sauti mbili zinazotenganisha maana. Kwa lugha isiyo na jozi kama hiyo, hizo ni sauti moja iliyovaa nguo mbili. Ndipo unapoelewa kwa nini Mkalenjin anaweza kusema b na p zote mbili vizuri kabisa na bado akazichanganya katika Kiingereza.

Utajifunza pia alfabeti ya kifonetiki ya kimataifa. Chama kilichoizaa kilianzishwa Paris mwaka 1886, na waanzilishi wake, wakiongozwa na Paul Passy, walikuwa walimu wa lugha. Walichoshwa na tahajia. Kiingereza cha Uingereza kinachofundishwa vitabuni kina sauti 44 hivi, konsonanti 24 na irabu kama 20, na herufi 26 za kuzibebea. Sisi huku tunapunguza mzigo kwa njia yetu: "bad", "bud", "bard" na "bird" wengi wetu hutamka zote kwa a moja, na mazungumzo yanaendelea.

Mkanganyiko wenyewe una historia. William Caxton alileta mashine ya kupiga chapa Uingereza mwaka 1476, na tahajia ikaanza kuganda wakati irabu ndefu za Kiingereza zilikuwa bado zinahama. Zilihama kwa karne kama tatu, maandishi yakabaki nyuma. K ya "knight" iliwahi kutamkwa. Neno "name" lilikuwa na a ndefu na irabu nyingine mwishoni. Mtoto wa darasa la pili pale Emuhaya anayelisoma "na-me" na kuchapwa ukosi anakaribia matamshi ya Mwingereza wa kabla ya 1400 kuliko mwalimu wake.

Kozi ya Elimu itakugusisha haya pia. Watu wengi hawajui hilo: ukijaza Kiingereza na Fasihi utakutana na yuniti za fonetiki, mofolojia na sintaksia ya Kiingereza. Hutazikwepa. Tofauti ni kwamba huko utapita nazo mbio ukielekea TP, na mifano itakuwa ya Kiingereza peke yake. Kwenye Isimu utazikalia, na Lunyore ya nyanyako, lugha ya Kiluhya ya huku kwetu, itakuwa na hadhi ileile ya Kiingereza ubaoni.

Maneno na sentensi

Nitapita upesi. Mofolojia huvunja neno katika vipande vyenye maana. Chukua "hatutawapikia": ha-tu-ta-wa-pik-i-a, vipande saba katika neno moja. Kiingereza kinahitaji maneno sita, "we will not cook for them", na hakuna hata moja kati yake lililobeba kiambishi. Mtu anayesema Kiswahili, Lulogooli au Ekegusii huingia darasa hili akiwa na mtaji ambao mwanafunzi wa London hana.

Kuna jaribio moja ninalolipenda. Mwaka 1958 mtafiti Jean Berko aliwaonyesha watoto wadogo mchoro wa kiumbe cha kubuni akakiita "wug". Kisha akawaonyesha viwili na kuwaachia sentensi wamalizie. Watoto wakasema "wugs", tena kwa sauti ya z mwishoni kama katika "dogs", si s kama katika "cats". Neno hilo hawakuwahi kulisikia popote, basi hawakuweza kuwa wamelikariri. Walikuwa na kanuni kichwani.

Sintaksia ndipo wengi wanapotokwa na jasho. "The policeman chased the thief on a motorbike." Nani yuko kwenye pikipiki? Maneno ni yaleyale, mpangilio ni uleule, maana ni mbili, na kazi yako ni kuchora matawi yanayoonyesha miundo miwili iliyojificha. Tangu kazi ya mwanaisimu Noam Chomsky ya 1957 somo hili limekuwa na harufu ya hisabati, kanuni juu ya kanuni. Nimeona vijana waliokimbia Fizikia wakidhani Isimu ni mahali pa kupumzikia, walijuta. Na nimemwona mmoja aliyependa aljebra akachanua humo. Kama ulikuwa na A ya Kiingereza kwa sababu ya insha nzuri lakini hesabu zilikuwa zinakutoa machozi, lipime hili kabla ya kubonyeza.

Je, unapenda kusahihisha watu?

Swali hili linaonekana la mzaha. Si mzaha. Vijana wengi wanaokuja kwangu wanataka "kusomea Kiingereza" kwa sababu wao ndio wanaowasahihisha wenzao kwenye WhatsApp. Isimu itawaudhi.

Mwanaisimu haulizi sentensi ni sahihi au la. Anauliza nani huisema, wapi, na kwa kanuni gani. Ile orodha ya makatazo tuliyokaririshwa ina wenyewe na ina tarehe. Robert Lowth, kasisi aliyekuja kuwa askofu wa London, alitoa sarufi yake 1762, na ndani yake alisema kumalizia kishazi kwa kihusishi hakufai sana katika maandishi ya heshima. Kinachochekesha ni kwamba alipokuwa akilieleza jambo hilo, kishazi chake mwenyewe kiliishia kwa kihusishi, "to". Waliomfuata waliigeuza ladha yake kuwa sheria, na sheria ikapanda meli hadi kwetu.

Mwalimu wa shule hawezi kuishi bila sarufi elekezi, ile inayosema lipi sahihi na lipi kosa. Mtihani upo, na mtahini hatamhurumia mtoto kwa kuwa mwanaisimu William Labov alithibitisha jambo fulani New York. Lakini alilithibitisha, na inafaa ulijue. Mwaka 1962 Labov alizunguka katika maduka makubwa matatu ya jiji hilo, la matajiri, la watu wa kati na la bei ya chini, akiwauliza wauzaji bidhaa ambayo alijua iko ghorofa ya nne. Jibu lilikuwa "fourth floor", na alichotaka kusikia ni r tu. Kwenye duka la matajiri r ilisikika zaidi. Kwenye la bei ya chini, kidogo. Utafiti ulitoka 1966 na kuipa miguu isimujamii, tawi linalochunguza lugha ndani ya jamii. Jaribio la aina hiyo unaweza kulifanya Jumamosi moja Kisumu, kutoka soko la Kibuye hadi kwenye maduka ya Mega City, ukisikiliza nani anasema Kiswahili, nani Dholuo, nani Kiingereza, na nani anabadilisha akiona viatu vyako.

Upande wa Fasihi

Nimeuonea. Nimeandika sana kuhusu Isimu kwa sababu ndiyo isiyojulikana, lakini Fasihi nayo hueleweka vibaya kwa sababu ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari. Hebu tazama alama. Karatasi ya kwanza ya Kiingereza ina 60, ya pili 80, ya tatu 60, jumla 200. Katika zote hizo, sehemu inayoitwa sarufi ina alama 15. Stadi za kusema zina 30, na zinapimwa kwa kalamu, chumba kikiwa kimya kabisa. Jambo hilo hunichekesha hadi leo. Fasihi imetandazwa kuanzia dondoo la kitabu teule na shairi katika karatasi ya pili hadi insha za karatasi ya tatu. Kwa hiyo ukisema "nilipenda Kiingereza shuleni", kuna uwezekano mkubwa kwamba ulichopenda ni fasihi.

Chuoni, hata hivyo, hakuna wa kukupa miongozo ya wahusika na maudhui. Ni kusoma. Riwaya kwa riwaya, tamthilia, ushairi, Shakespeare yumo, Waafrika wamo, Wakaribi wamo. Kijana aliyesoma vitabu teule kupitia muhtasari wa kurasa arobaini anaoununua stejini atapata taabu, na hapa sisemi kwa kubahatisha. Muhtasari huo mimi ndiye ninayeuchapisha.

Na mgawanyiko wenyewe una historia ya hapa nyumbani. Mwaka 1968, Chuo Kikuu cha Nairobi kikiwa bado chini ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, wasomi Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba waliandika waraka wakitaka idara ya Kiingereza ivunjwe. Hoja yao haikuwa kwamba Kiingereza ni kibaya. Walihoji kwa nini fasihi ya Uingereza ikae katikati ya meza na ya Afrika pembeni, na wakataka fasihi simulizi ipewe nafasi yake. Baadaye chuoni hapo Fasihi ikasimama kivyake, na Isimu na Lugha za Kiafrika kivyake. Mistari miwili uliyoiona kwenye skrini ina uhusiano na ugomvi ule.

Kuna mahali njia hizi hukutana: kwa bibi mzee kijijini. Mwanafunzi wa fasihi simulizi na mwanafunzi wa Isimu wote watapanda boda hadi kwake na kumwekea simu irekodi. Mmoja atataka wimbo, lini huimbwa, nani huitikia, bibi alitikisa bega wapi. Mwingine atataka toni ya kila silabi, na atamwomba aliseme neno moja mara nane. Bibi kwa kawaida humpenda wa kwanza.

Mkate

Mama aliyeshika kiti anataka kusikia hili, kwa hiyo nitalisema bila mapambo.

Ukitaka kuajiriwa na TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu, kama mwalimu wa sekondari, Shahada ya Elimu ndiyo njia iliyonyooka. TSC hutaka angalau C+ ya jumla katika KCSE na C+ katika masomo mawili utakayofundisha. Kwa anayechagua Kiingereza na Fasihi, gredi inayoangaliwa ni ya Kiingereza, kwa kuwa KCSE haina mtihani wa Fasihi unaosimama peke yake. Ukichukua Shahada ya Sanaa katika Isimu kisha ukabadili nia, itabidi urudi kusomea stashahada ya uzamili ya elimu, na hata hapo digrii yako iwe na masomo mawili yanayofundishwa shuleni. Isimu peke yake haifundishwi sekondari. Hiyo ni karo nyingine na muda mwingine, na nimewaona watu wakilitambua wakiwa wameshahitimu. Kupata nambari ya TSC pia si kupata kazi. Kuna walimu wa Kiingereza hapa Luanda wanaoendesha boda.

Mtaala mpya umetikisa meza. Kundi lake la kwanza limeingia Gredi ya 10 mwaka 2026, na KCSE ya mwisho ya mfumo wa zamani inatarajiwa 2027. Katika masomo ya kuchagua, Fasihi ya Kiingereza imetenganishwa na Kiingereza, na lugha za kiasili nazo zimeorodheshwa. Mwenye shahada ya Elimu anaingia humo na cheti tayari mkononi. Lakini atakayefundisha Dholuo au Luhya kama somo lenye sarufi na fonolojia yake atahitaji kile Isimu hufundisha.

Kwa upande wa Isimu kazi zimetawanyika: tafsiri, uhariri, utengenezaji wa kamusi, miradi ya kutafsiri Biblia, utafiti, na sasa kompyuta. Mradi wa Kencorpus, ulioshirikisha wasomi wa Maseno hapa jirani, ulikusanya maandishi na sauti za Kiswahili, Dholuo na Luhya, zikiwemo Lulogooli, Lubukusu na Lumarachi, ili mashine ziweze kujifunza lugha hizo. Kazi kama hiyo haifanywi na mtu wa kompyuta peke yake. Anahitajika anayejua neno linakatwa wapi. Nyingi ya kazi hizi ni za mkataba, zinakuja na kuondoka, na hupewa aliyeongeza ujuzi mwingine juu ya Isimu. Anayetegemewa na wadogo watano nyumbani aliangalie hilo kwa macho makavu.

Ningemwambia nini

Upendeleo wangu ni huu: kama una uhakika kwamba utakuwa mwalimu, au kama nyumbani wanahitaji mshahara upesi kuliko wanavyohitaji msomi, chukua Kiingereza na Fasihi, kisha zile yuniti za fonetiki na sintaksia zichukulie kwa uzito ambao wenzako hawatazipa. Isimu unaweza kuipanda baadaye kwa shahada ya uzamili, kama mimi. Kupanda kutoka upande ule mwingine ni kugumu na ni ghali. Kama ualimu haukuvutii hata kidogo, usijaze Elimu kwa sababu shangazi amesema ni kazi ya uhakika. Jaza Isimu, na kabla hujaijaza fungua tovuti ya chuo chenyewe, Maseno, Masinde Muliro pale Kakamega, Moi au Egerton, usome orodha ya yuniti za mwaka wa kwanza na wa pili. Majina ya kozi hudanganya. Yuniti hazidanganyi sana. Kuna vyuo vinavyounganisha Isimu na Fasihi, na kuna vinavyoifunga pamoja na mawasiliano na habari, ambayo ni safari tofauti kabisa.

Yule kijana alikuwa bado ananitazama, na nyuma yake kulikuwa na foleni. Nikampa kazi ya jioni moja. Arudi nyumbani, amrekodi nyanyake akisimulia chochote kwa dakika tatu, halafu asikilize mara ya kwanza hadi mwisho. Asikilize tena akiandika kila neno, kila anapovuta pumzi, kila "eee" na kila neno la Kiingereza lililoponyoka. Akiona uandishi ule ni mateso na anachotaka ni kumrudia nyanya amuulize yule mke mwenza wa kwenye kisa aliishia wapi, ajaze Elimu. Akijikuta saa tano usiku bado anarudisha nyuma sekunde ileile kusikia kama ni b au p, aje nimjazie ile nyingine.

Mamake akauliza kama kuja mara ya pili kutalipiwa tena.